Kilio cha Usiku Huanzia Mchana: Somo Kuhusu Usingizi na Unyonyeshaji wa Mtoto Mchanga



Somo la robo hii linahusu mtoto mchanga asiyelala usiku, na mama yake anayeamka naye. Huenda wengine wakauliza, jambo hili lina uhusiano gani na kamati ya usharika au mradi wa maendeleo? Sisi pia tuliuliza hivyo, mpaka tulipogundua kwamba mradi wetu wenyewe ulikuwa umechangia kumnyima mtoto mmoja titi la mama yake.

LENGO LA SOMO

Baada ya somo hili, wanakamati waweze:

1. Kueleza kwa nini mtoto mchanga huamka usiku, na kwa nini uji si dawa yake.
2. Kumsaidia mama apange kunyonyesha na kupumzika hata wakati wa kazi za shamba.
3. Kutambua dalili za hatari zinazohitaji huduma ya afya mara moja.
4. Kuangalia taratibu za vikundi vyetu na kurekebisha zile zinazomtenga mama na mtoto wake.

TULIYOYAONA IVUNA

Ivuna iko wilayani Momba, mkoani Songwe, katika bonde la Ziwa Rukwa. Ni nchi ya joto na mbu, yenye mpunga na ufuta, iliyojulikana tangu zamani kwa chumvi yake. Wakati wa msimu familia nyingi hukaa shambani kutwa. Mpunga ukianza kukomaa, kazi ya kuamia ndege huanza alfajiri na haina mapumziko.

Katika mtaa mmoja wa upande huo tuna kikundi cha akina mama wenye shamba la pamoja la mpunga. Katiba ya kikundi ilisema kila mwanachama awe amefika shambani saa 1 asubuhi, na asiyefika alipe faini. Tuliwasaidia kuandika katiba hiyo, na katika taarifa zetu tuliisifu kama mfano wa nidhamu.

Mwanachama mmoja alikuwa na mtoto wa miezi miwili. Kila siku ya zamu alimwacha kwa mama mkwe wake na kurudi jioni. Mchana mtoto alilala sana kwa sababu ya joto, lakini usiku hakulala. Alinyonya, akalia, akanyonya tena, mpaka jogoo wakawika. Mama mkwe, ambaye naye alikuwa hapati usingizi, alisema kwa upendo kabisa, "Mwanangu, maziwa yako ni mepesi, mtoto hashibi. Ngoja nimpikie uji kidogo alale, na wewe upumzike." Mama akajibu, "Sawa, mama."

Haikuchukua muda mrefu mtoto akaanza kuharisha. Uzito wake kwenye kadi ya kliniki, uliokuwa ukipanda vizuri, ukashuka. Walimwahisha kwa wahudumu wa afya, akatibiwa, na tunamshukuru Mungu kwamba alipona. Tulipokwenda kuwatembelea nyumbani, mama yule alituuliza swali moja: "Nikikaa nyumbani nalipa faini, nikienda shambani mtoto hanyonyi. Ninyi mnasema nifanyeje?"

Hatukuwa na jibu siku ile. Somo hili ndilo jibu tulilolitafuta baadaye, tukisaidiana na wahudumu wa afya, mabibi wa mtaa na akina mama wenyewe.

1. USINGIZI WA MTOTO MCHANGA ULIVYO

Mtoto mchanga hazaliwi akijua mchana na usiku. Shirika la Afya Duniani, katika mwongozo wake wa mwaka 2019, linasema mtoto wa chini ya miezi mitatu huhitaji kulala saa 14 hadi 17 katika siku nzima. Ni saa nyingi, lakini hazifuatani. Tumbo lake ni dogo, na maziwa ya mama humeng'enywa haraka, kwa hiyo huamka kila baada ya saa mbili au tatu ili anyonye. Kunyonya mara 8 hadi 12 kwa siku, usiku ukiwemo, ni jambo la kawaida.

Kulia nako kuna msimu wake. Watoto wengi huongeza kilio kuanzia wiki ya pili au ya tatu, hulia zaidi wakifikia wiki ya sita hivi, kisha hupungua kufikia mwezi wa tatu au wa nne. Mara nyingi kilio hicho huja jioni, hata kwa mtoto mwenye afya aliyeshiba. Zipo pia siku chache ambazo mtoto hutaka kunyonya mfululizo. Hapo ndipo mama huambiwa maziwa yamekauka. Kinyume chake, mtoto anapovuta titi mara nyingi ndipo mwili wa mama hupata taarifa ya kutengeneza zaidi. Kunyonyesha usiku husaidia sana, kwa kuwa homoni inayotengeneza maziwa huwa nyingi zaidi nyakati hizo.

Hivyo kuamka usiku peke yake si ugonjwa, si chango, wala si dalili ya jicho baya.

2. MTOTO ANAYEKOSA TITI MCHANA HULIDAI USIKU

Hili ndilo jambo ambalo hatukulijua. Mtoto anayetengana na mama yake kutwa hunywa kidogo tu mchana, hata akiachiwa maziwa yaliyokamuliwa. Hulala muda mrefu akimngoja. Mama akirudi jioni, mtoto hufidia usiku kucha maziwa aliyoyakosa, pamoja na joto la mwili wa mama yake. Anakuwa amegeuza usiku kuwa mchana.

Mama mkwe wa Ivuna aliona kweli kwamba mtoto ana njaa. Alichokosea ni sababu. Maziwa hayakuwa mepesi. Mtoto alikuwa mbali nayo tangu asubuhi hadi jioni. Dawa ya umbali huo ni kumrudisha mtoto karibu na titi. Uji hauwezi kufanya kazi hiyo.

3. KWA NINI SI UJI

Hata kama mtoto atalala kidogo zaidi usiku mmoja baada ya kupewa uji, gharama yake ni kubwa:

- Uji hujaza tumbo bila virutubisho vilivyomo katika maziwa ya mama. Mtoto hunyonya kidogo, na maziwa hupungua kweli.
- Maji, kikombe na kijiko visipokuwa safi huleta vijidudu. Kuharisha kwa mtoto wa miezi miwili kunaweza kumuua kwa muda mfupi.
- Utumbo wake bado haujawa tayari kwa vyakula hivyo.

Maji ya kunywa nayo hayahitajiki, hata katika joto la bondeni. Zaidi ya asilimia 80 ya maziwa ya mama ni maji. Mtoto akiwa na kiu, anyonyeshwe. Asali, dawa za miti shamba na dawa za "tumbo" zinazouzwa madukani asipewe bila ushauri wa mhudumu wa afya.

Tusiwalaumu mabibi. Kabla ya mwaka 2001, Shirika la Afya Duniani lilikuwa likitaja miezi 4 hadi 6 kuwa umri wa kuanza vyakula vingine. Ni mwaka huo ndipo ushauri wa miezi 6 kamili ya maziwa ya mama pekee ulipopitishwa. Bibi aliyelea watoto wake kabla ya hapo alifuata aliyoyasikia. Na nchi yetu imepiga hatua. Utafiti wa kitaifa wa afya na idadi ya watu wa mwaka 2015/16 ulionyesha asilimia 59 ya watoto wa chini ya miezi 6 wakinyonya maziwa ya mama pekee, na ule wa mwaka 2022 ulionyesha asilimia 64. Hata hivyo, utafiti huo wa 2022 ulikuta watoto 3 kati ya 10 wa chini ya miaka mitano wamedumaa. Kazi bado ipo.

Kwa mama anayeishi na virusi vya UKIMWI, jambo hili lina uzito zaidi. Kuchanganya maziwa ya mama na vyakula vingine katika miezi 6 ya kwanza huongeza hatari ya maambukizi kwa mtoto. Mama anayetumia dawa zake vizuri, na mtoto akipewa dawa ya kinga kama alivyoelekezwa kliniki, anaweza kunyonyesha. Wanakamati watunze siri ya mama huyo na kumtia moyo aendelee na dawa.

4. NITAJUAJE KAMA ANASHIBA?

Mama asipime maziwa kwa kilio. Apime kwa haya:

- Mtoto anakojoa angalau mara 6 kwa siku, na mkojo si wa rangi nzito. (Kipimo hiki ni cha mtoto aliyepita wiki ya kwanza asiyepewa maji wala uji.)
- Anasikika akimeza anaponyonya, na titi linakuwa laini baadaye.
- Uzito unapanda kwenye kadi ya kliniki kila mwezi.

Kama anakojoa kidogo au uzito haupandi, mama aende kliniki mapema, aangaliwe jinsi anavyompakata mtoto na jinsi mtoto anavyoshika titi. Mara nyingi tatizo liko hapo. Mdomo wa mtoto uwe wazi sana, kidevu kiguse titi, na ashike sehemu kubwa ya weusi wa titi pamoja na chuchu.

5. KUMSAIDIA MTOTO AJUE MCHANA NA USIKU

Hatuzungumzii ratiba ya saa ukutani. Tunazungumzia mazoea ya kila siku:

*Mchana:* Mtoto awe mahali penye mwanga na sauti za kawaida za nyumbani. Aongeleshwe, abebwe, anyonyeshwe mara kwa mara. Akilala zaidi ya saa tatu, aamshwe taratibu anyonye.

*Jioni:* Aogeshwe au apanguswe kwa kitambaa chenye maji ya uvuguvugu, anyonyeshwe, abeulishwe ili atoe hewa, kisha alazwe. Mambo haya yakifuatana vilevile kila jioni, mtoto huanza kuyatambua.

*Usiku:* Taa iwe ndogo, maneno machache, pasiwe na michezo. Anyonyeshwe, abadilishwe kama amelowa, arudishwe kulala.

Kwa bonde letu tunaongeza mambo matatu. Kwanza, chandarua chenye dawa kila usiku. Mama mjamzito hupewa kliniki katika hudhurio la kwanza, naye asikitunze sandukuni. Pili, asifunikwe kupita kiasi. Tumeona watoto wamefungwa khanga tatu na sweta katika joto kali, nao wanalia kwa sababu wamechoka na joto. Tatu, alazwe chali. Akilala kitanda kimoja na mama, asifunikwe uso wala kuwekewa mito, na asilale kamwe kando ya mtu aliyekunywa pombe.

Siku zile chache za kulia sana, mama anaweza kufikia mwisho wa uvumilivu. Ni afadhali amlaze mtoto mahali salama, atoke nje dakika chache, amwite jirani. Mtoto asitikiswe kamwe, kwani huweza kuumia ubongo.

6. DALILI ZA HATARI

Mtoto mchanga mwenye moja ya dalili hizi apelekwe kwenye huduma ya afya mara moja, bila kungoja kuche:

- Anakataa kunyonya au ameshindwa kunyonya.
- Ana degedege.
- Anapumua haraka (mara 60 au zaidi kwa dakika kwa mtoto wa chini ya miezi miwili) au kifua kinabonyea ndani.
- Ana joto la nyuzi 37.5 au zaidi, au mwili ni wa baridi.
- Amelegea, au hajongei mpaka aguswe.
- Amekuwa wa manjano mwilini, viganjani au nyayoni.
- Anaharisha au anatapika mfululizo, au kuna damu kwenye kinyesi.

Kamati ya kila mtaa ijue tangu sasa nani ana pikipiki au baiskeli, na nani atapigiwa simu usiku.

7. HANA NA ELKANA

Tusome 1 Samweli 1:21-24. Elkana alipanda kwenda Shilo kutoa dhabihu ya mwaka pamoja na nyumba yake yote. Safari hiyo ilikuwa wajibu mtakatifu. Hata hivyo Hana hakwenda. Alimwambia mumewe kwamba angebaki mpaka mtoto aachishwe ziwa. Elkana hakumtoza faini. Alimruhusu afanye aliloliona jema, na Hana akabaki akimnyonyesha Samweli.

Kama ibada ya mwaka ilimngoja mama anayenyonyesha, je, shamba la mpunga haliwezi kumngoja?

Serikali nayo imeliona hili kwa wafanyakazi. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 ilimpa mama mwajiriwa likizo ya uzazi isiyopungua siku 84, au siku 100 akijifungua zaidi ya mtoto mmoja, na baadaye muda wa kunyonyesha usiozidi saa mbili kwa siku katika saa za kazi. Mama mkulima wa Ivuna hana mwajiri wa kumpa siku hizo. Anazo familia yake, kikundi chake na usharika wake. Sisi tukinyamaza, hana wa kumpa.

8. TULICHOBADILISHA

Tulirudi kwenye kikundi na katiba ikafunguliwa upya. Mambo manne yalikubaliwa:

1. Mama mwenye mtoto wa chini ya miezi 6 hatozwi faini wala hafungwi na saa 1 asubuhi.
2. Akiweza kuja, anakuja na mtoto. Kibanda cha kivuli kilijengwa pembeni mwa shamba, chenye mkeka, chandarua, ndoo ya maji na sabuni. Miti na nyasi walileta wanakikundi. Mradi ulinunua vifaa vilivyobaki.
3. Mtoto akilia, mama anaitwa. Kazi yake inangoja.
4. Bibi mmoja hukaa kibandani kwa zamu, na siku hiyo huhesabiwa kuwa amefanya kazi ya shamba.

Tulijadili pia kukamua maziwa na kuyaacha nyumbani. Ni njia nzuri kwa muda mfupi: mikono isafishwe, maziwa yafunikwe, mtoto anyweshwe kwa kikombe badala ya chupa yenye chuchu ambayo ni ngumu kusafisha. Lakini maziwa hayo hudumu saa 4 hivi katika joto la nyuzi 25, na joto la bonde letu hupita hapo. Hayawezi kungoja tangu alfajiri hadi jioni. Kwa sababu hiyo kibanda kilionekana bora.

Hatutaki kuwaficha kwamba kulikuwa na ubishi. Baadhi waliuliza kwa nini aliyepalilia kidogo apate mgao sawa wa mpunga. Wengine wakajibu kwamba kila mmoja wao amelea au atalea. Mgao sawa ulipita, lakini mwanachama mmoja alijitoa, nasi tunaendelea kumtembelea. Wa kwanza kuomba zamu ya kibandani alikuwa mama mkwe yule aliyepika uji. Aliwaambia wenzake, "Mimi ndiye ninayejua kwa nini kibanda hiki kipo."

Akina baba nao walipewa kazi: kuchota maji na kutafuta kuni katika miezi ile, na kumpokea mtoto akishanyonya jioni ili mama alale kidogo. Mama akipata usingizi na chakula cha kutosha, nyumba nzima inapata nafuu.

9. KWA NINYI NDUGU WAFADHILI

Katika taarifa zijazo mtaona siku za kazi za kikundi hiki zimepungua kidogo. Tunaomba msizihesabu siku hizo kama uvivu. Ziko pale kibandani, nazo ni sehemu ya mavuno. Tunapoomba jembe na mbegu, tuvumilieni tukiomba pia mkeka na ndoo.

MASWALI YA KUJADILI

1. Katika mtaa wenu, mama aliyejifungua hurudi shambani baada ya muda gani? Nani huamua?
2. Je, vikundi vya usharika, kwaya, VICOBA na semina zetu vina taratibu au saa zinazomtenga mama na mtoto mchanga? Zitajeni.
3. Bibi akisema maziwa hayatoshi, mtamjibuje kwa heshima?
4. Kibanda cha kwenu kitakuwa wapi, na nani atakaa zamu ya kwanza?

Somo hili lifundishwe kwa vipindi viwili, na inafaa akaribishwe mhudumu wa afya ngazi ya jamii. Siku ya Afya na Lishe ya Kijiji, au Wiki ya Unyonyeshaji Duniani tarehe 1 hadi 7 Agosti, ni nafasi nzuri. Mabibi na akina baba wasikose. Tukiwafundisha akina mama peke yao, tutakuwa tumewaongezea mzigo mwingine.

TUOMBE

Ee Mungu uliyesikia kilio cha Hana, usikie pia kilio cha watoto wetu usiku huu. Wape mama zao nguvu na usingizi. Utufumbue macho tuone mizigo tuliyowatwika bila kujua, na utupe mikono ya kuishusha. Kwa Yesu Kristo Bwana wetu. Amina.